Masizi na Mwalimu Aliyeogopa Giza

Nianze na gambuti, zile buti za mpira, maana zilimtangulia kila mahali. Kiangazi au masika, darasani au kanisani, Mwalimu alivaa gambuti nyeusi na tai. Ulimsikia kabla hujamwona, kwap, kwap, kwenye kile kichochoro cha nyuma ya soko la Keumbu, na ratiba yake ungeijua hata ukiwa umelala: asubuhi shuleni, alasiri kibandani kwangu, na jua likianza kushuka yuko kwake, komeo ndani. Mtu mzima yule, mzee wa kanisa la Wasabato, mwalimu wa sanaa aliyewafundisha nusu ya watu wa pale kushika penseli, aliogopa giza kuliko mtoto wa chekechea. Na ndiye aliyemuumba Masizi, mtu wa usiku, aliyeitikisa Keumbu na vijiji vyake mpaka Kebirigo kule Nyamira. Nikisimulia hivi watu husema naongeza chumvi. Na waseme. Mashine ilikuwa yangu, na wino ulikuwa kwenye mikono yangu.

Hiyo mashine ilikuwa ya kudurufu, ya kuzungusha kwa mkono, maana umeme wetu wa miaka ile ya tisini ulikuja na kwenda upendavyo. Unachukua stensili, karatasi laini yenye nta, unaipiga taipu au unaichora kwa kalamu ya chuma. Pale nta ilipokwaruzwa wino unapita, unazungusha, nakala zinatoka. Shule zote za karibu zilileta mitihani kwangu. Watu waliniita Sista wa Mashine, ingawa utawa na mimi wapi na wapi, mimi ni Mkatoliki wa kawaida mwenye mdomo. Kutaipu niliweza. Kuchora kwenye stensili sikuweza, na hakuna aliyeweza, kwa sababu ukibonyeza kidogo tu nta inachanika na kazi yote imeharibika. Aliyeweza ni Mwalimu peke yake. Moyo wa binadamu, jembe la kukokotwa na ng'ombe, mzizi wa mharagwe, vyote vilipita mikononi mwake.

Alikuwa na sheria moja iliyonikera mpaka nikaizoea: hachori kitu ambacho hajakiona kwa macho yake. Mwaka mmoja mtihani wa darasa la saba ulitaka ngamia. Akakataa katakata. Nikamletea kitabu chenye picha ya ngamia mzima, nundu na yote.

"Huyo ameonwa na mtu mwingine," akasema.

"Mwalimu, Keumbu ngamia atatoka wapi?"

"Basi hachorwi. Jicho kwanza, mkono baadaye."

Mtihani ukatoka na swali la ngamia na nafasi tupu, na watoto wakaambiwa wamfikirie. Darasani ndiyo usiseme. Ukimchorea ng'ombe mwenye masikio juu ya pembe, hakupigi wala hakugombezi. Anakutoa nje ukamtazame ng'ombe mpaka ujue masikio yako wapi. Kuna watu wazima leo, wenye watoto wao, wanaoweza kukuambia bila kufikiri jinsi mkia wa mbuzi unavyokaa, na walijulia kwake.

Kuhusu giza, walimu wenzake walimtania bila huruma. Siku moja walirefusha mkutano makusudi, wakawa wanauliza maswali yasiyo na kichwa wala miguu, jua linashuka dirishani. Mwalimu akasimama hedimasta akiwa katikati ya sentensi. "Mwenyekiti, mimi na jua tunaondoka pamoja," akasema, na gambuti zikaanza, kwap, kwap. Nilimuuliza basi huo usiku wa Masizi anauonea wapi, ikiwa hachori asichokiona. Akanijibu kwamba ukiingia katikati ya shamba la migomba saa sita mchana, usiku wa kutosha umo ndani.

Sasa Masizi alivyozaliwa. Mtu asikudanganye kwamba Mwalimu aliota ndoto. Alizaliwa kwa sababu ya hedimasta asiyependa karatasi tupu. Mtihani wa darasa la sita ulimalizika katikati ya ukurasa, na hedimasta akasema karatasi ya shule haiachwi wazi, ijazwe chochote. Mwalimu akachora mlinzi wa kituo cha majani chai, mtu aliyemwona kila siku: koti refu la mvua, kofia imeshushwa, rungu mkononi, anamfukuza mwizi wa majani mwenye kikapu mgongoni. Nikaiweka stensili kwenye ngoma ya mashine, nikazungusha, na pale pale ikachanika, mahali pa uso. Wino ukamwagika. Nakala ya kwanza ikatoka na mlinzi aliyejaa weusi kuanzia kofia hadi kidevuni, macho hana, mdomo hana.

Nilianza kulaani huku natafuta dawa ya kuziba. Mwalimu akaichukua ile karatasi, akaitazama muda mrefu hadi nikadhani anasali.

"Sista, usizibe."

"Hana uso, Mwalimu."

"Ndiyo maana anatisha. Tazama. Sasa huyu si mlinzi wa kituo. Huyu anaweza kuwa mtu yeyote."

Nikatazama, na nywele zikanisimama kweli. Yule mlinzi mvivu niliyemjua, anayesinzia juu ya magunia, alikuwa ametoweka. Aliyebaki alikuwa anaujua uovu wa kila mtu. Nikauliza ataitwa nani. Mwalimu akatazama vidole vyangu vilivyojaa wino, akasema, "Masizi." Jamani, nilicheka kwa furaha kama msichana.

Watoto walianza kufanya mtihani mbiombio ili wafike ukurasa wa mwisho. Baba zao wakaanza kuuliza karatasi za mtihani za watoto, watu ambao hawajawahi kujali mtihani. Kwenye kituo cha majani chai, foleni ikiwa ndefu, mmoja anasoma na wengine wanasikiliza. Muda si muda Masizi akatoka kwenye mtihani, akapata karatasi yake mwenyewe, mbele na nyuma, ikunjwe mara mbili, kila siku ya soko. Nilizungusha ile mashine mpaka bega likahama mahali pake, na sikuchoka. Sijawahi kufanya kazi tamu kama ile.

Alifanya nini Masizi? Aliwatembelea watu. Yule anayehamisha ua wa mpaka kidogo kidogo kila masika, akidhani jirani haoni, aliamka akakuta miti yote imerudishwa mahali pake na Masizi amesimama mwisho wa mstari, kimya. Mwenye kutia maji kwenye maziwa alinyweshwa maji hayo ndoo nzima. Mwizi wa majani chai alining'inizwa kwenye mkaratusi miguu juu mpaka alfajiri. Hakuwa na maneno huyo Masizi, sentensi moja ikizidi sana, na aliisema akiwa ameshaondoka. Na hapo ndipo nilipomshangaa Mwalimu. Mtu anayemfungulia nzi dirisha atoke, kwenye karatasi hakuwa na chembe ya huruma.

"Mwalimu, wewe ni mzee wa kanisa," nilimwambia siku ya mkaratusi.

"Mzee wa kanisa ni mimi, si Masizi."

"Na huyo wa mtini ataning'inia mpaka lini?"

"Mpaka atubu. Mimi humwombea, Masizi humfunga kamba. Kila mtu na kazi yake."

Na mambo yakaanza kutokea. Mbuzi wa jirani yangu aliyepotea tangu mwaka uliotangulia alirudi asubuhi moja na kamba mpya shingoni. Ua fulani kule bondeni ukarudi nyuma hatua kadhaa bila baraza la wazee kukaa. Watu walikuwa wakicheka wakisoma, halafu wanatazama nyuma. Mimi nilitembea na kichwa juu, nikamwambia kila mtu kwamba serikali ya kweli iko kibandani kwangu.

Stensili na wino tulinunua Kisii mjini, kwenye duka la mzee mmoja Mhindi ambaye familia yake imekaa barabara ile miaka na miaka. Alizungumza Ekegusii, lugha yetu, kwa ufasaha kuliko mimi nikiwa nimekasirika. Alikuwa msomaji wetu mkali kuliko wote, hatupi stensili kabla hajapewa nakala, na anasoma amesimama, miwani puani. Yeye ndiye aliyetuuliza swali ambalo hakuna mwingine aliyeuliza.

"Mwalimu, huyu Masizi mama yake nani?"

"Hana mama. Ni picha."

"Kila mtu ana mama. Kwa nini ana masizi usoni? Kwa nini halali? Mtu hatoki kila usiku bila sababu. Kuna kitu kilimpata. Ukijua kilichompata, utajua atakachofanya kesho."

Mwalimu alicheka, tukaondoka. Lakini njiani alilirudia lile swali mara mbili, na mimi nikamwambia huyo mzee ana mambo mengi, hebu tuzungumze juu ya wino.

Watu wetu nao walikuwa na swali lao. Masizi atawashughulikia wachawi lini? Walimuuliza sokoni, wakamuuliza shuleni, hata wazee wenzake wa kanisa walimvuta kando wakamuuliza. Na hilo kwetu miaka ile halikuwa jambo la mchezo. Watu walikuwa wakichomwa ndani ya nyumba zao kwa kuitwa wachawi. Wengi wao walikuwa kina mama wazee, wanaoishi peke yao, na kosa lao mara nyingi lilikuwa kuishi muda mrefu kuliko majirani. Mwalimu alikataa msimu mzima. Mwishowe akachoka. "Nitawapa mchawi mmoja wa kuchekesha," akaniambia, "waniache nipumue."

Mwalimu hajawahi kumwona mchawi, kwa hiyo mchawi mwenyewe hakumchora. Alimficha nyuma ya mlango, ikabaki miguu tu inayotimka. Lakini nyumba ilibidi iwepo, na Mwalimu, kwa ile sheria yake, akainua macho akatazama dirishani pangu. Ng'ambo ya kichochoro palikuwa na nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi, ya mwisho pale baada ya wote kuweka mabati, na mparachichi uliopasuliwa katikati na radi. Akaichora. Aliichora vizuri mno, kila bua la nyasi mahali pake.

Nyumba hiyo ilikuwa ya omong'ina, ndivyo tunavyomwita mama mzee kwa heshima. Alikuwa mjane, akiuza chinsaga, ile mboga chungu yetu, kwenye gunia mbele ya mlango wake. Hakujua kusoma. Karatasi ilipotoka mimi nilikuwa nimeenda Kisii kutafuta wino. Akaiona mkononi mwa mteja, akaijua nyumba yake papo hapo, na akafurahi. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kuchora kitu chake. Aliiomba, akakoroga uji mzito wa unga, akaibandika mlangoni kwake ili kila apitaye aone. Niliporudi nikaibandua kwa kucha zangu mwenyewe, lakini soko zima lilikuwa limeshapita.

Na soko likasema: ameweka mwenyewe, amekiri.

Wiki hiyo hiyo mtoto wa dada ya kijana mmoja aliyeendesha kinu cha kusaga unga alikufa kwa malaria. Alikuwa mtoto mzuri, alikuwa akija kwangu kuomba karatasi zilizoharibika. Kijana wa kinu alimpenda kuliko roho yake. Nilipopeleka mahindi siku ya Ijumaa niliwakuta vijana wamejaa pale, na walinyamaza nilipoingia. Yeye ndiye aliyesema, wala hakunificha.

"Sista, mwambie Mwalimu asante. Masizi ametuonyesha mlango. Jumapili baada ya mpira tunaenda kumaliza."

Niliacha mahindi yangu, nikakimbia mpaka shuleni. Sijui nilivuka vipi ule mto wa katikati ya njia. Nilimkuta Mwalimu anafunga darasa, nikamwambia yote bila kupumua. Akakaa kwenye dawati la mtoto, magoti juu, uso wake umekuwa wa kijivu.

"Nimemuua," akasema.

"Bado hajafa. Inuka."

Tulituma ujumbe polisi, ingawa kwa ile njia wakati wa mvua sote tulijua hawatafika mapema. Tukaenda kwa omong'ina, tukamwomba aende kwa binti yake Marani hadi mambo yapoe. Alitusikiliza mpaka mwisho, akiwa anachambua mboga.

"Nikiondoka watasema nimekimbia," akasema. "Mume wangu amelala nyuma ya nyumba hii. Mimi siendi popote. Wewe mwalimu ulichora, wewe fanya unachoweza."

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililotuumiza.

Tulirudi kibandani. Stensili zilibaki chache. Mwalimu alikaa mbele ya meza bila kugusa kalamu, na mimi nikawa nakaribia kumpiga. Nilimwambia aende akahubiri kanisani kesho, azungumze na wazazi wao, aandike kwamba amekosea. Akatikisa kichwa.

"Hawakulisikia kwangu, Sista. Walilisikia kwa Masizi. Atakayewaambia ni Masizi." Kisha akasema, "Yule mzee wa Kisii aliuliza mama yake ni nani. Leo namjibu."

Akaanza kuchora. Mnajua Sabato ya Waadventista inaingia jua likizama Ijumaa, na tangu hapo mkono wa kazi unawekwa chini. Kwa Mwalimu hilo lilikuwa kubwa kuliko chakula. Nilimwona siku nyingi akiacha mstari katikati ili asichelewe. Siku hiyo mwanga ulianza kuwa mwekundu ukutani, halafu ukafifia, na yeye ameinama tu.

"Mwalimu, Sabato," nikamwambia, kwa sababu mtu asije akanilaumu.

Akatazama dirishani. Aliyatazama yote mawili, Sabato na giza. "Najua," akasema. "Washa koroboi."

Nikawasha. Akainama tena juu ya stensili. Kuzungusha nilizungusha mimi, Jumapili yangu ilikuwa bado, na karatasi ilipoanza kutoka nilisoma nikilia na huku nazungusha.

Masizi hakuwa amesimama kwenye picha ya kwanza. Palikuwa na mvulana anatoka kuteka maji na mama yake anampungia mkono mlangoni, nyumba ya nyasi nyuma yake. Picha ya pili, watu wanakuja. Na hapo Mwalimu, aliyemwacha Masizi bila uso, aliwapa hawa nyuso. Kila mmoja. Mwenye jezi ya mpira, mwenye kofia ya harusi, mama mwenye mtungi wa maziwa, mzee mwenye Biblia kwapani. Hakumchora mtu fulani, lakini uliyemtaka ungempata. Mikononi walibeba mafungu ya nyasi yanayowaka. Picha ya tatu, paa linaanguka, linaanguka kwa ndani kama linavyoanguka kweli, boriti ya kati kwanza. Halafu mvulana amerudi na maji yake na hakuna pa kuyamwaga. Anatafuta kwenye majivu. Anajipaka usoni kile kilichobaki cha mama yake.

Nyuma ya karatasi palikuwa na picha moja tu. Masizi amekuwa mtu mzima, amesimama kwenye mlango wa nyumba tunayoijua sote, yenye mparachichi uliopasuka. Hana rungu. Chini yake, maneno marefu kuliko yote aliyowahi kusema: "Miaka yote sikuwa natafuta wachawi. Nilikuwa natafuta waliobeba moto. Jumapili niko hapa. Nani atatangulia?"

Asubuhi Mwalimu alisimama kwenye mlango wa kanisa lake, siku ya Sabato, vidole vyeusi kwa wino mbele ya macho ya kila mtu, akawapa karatasi walioingia. Mimi nikagawa zangu Jumapili baada ya Misa, na asiyetaka nilimtia mfukoni kwa nguvu. Mpira ule wa mchana nadhani hakuna aliyeutazama.

Walikuja. Msidhani karatasi ilifuta kila kitu. Walikuja wengi, wakajaa kichochoro, na mmoja alikuwa na dumu la mafuta ya taa. Omong'ina alikuwa amekaa mbele ya mlango kwenye kigoda chake anachambua chinsaga, na Mwalimu kando yake amekaa chini, gambuti zimenyooshwa mbele, anachambua pia, vibaya. Mimi nilikuwa kwenye mlango wa kibanda na mpini wa mashine mkononi, nimeung'oa, na ningeutumia.

Basi watu wakasimama. Unajua jambo kama lile linahitaji mmoja wa kwanza, wengine ni kufuata tu. Kila mmoja alimtazama mwenzake. Mwenye dumu alimtazama kijana wa kinu. Kijana wa kinu karatasi yetu ilikuwa imetokeza mfukoni mwa shati. Alikuja mbele hatua chache, akawa peke yake, na omong'ina akainua macho.

"Ni wewe, mwanangu," akasema. "Nilisikia habari ya mtoto. Nilitaka kuja matangani, nikaogopa mtanifukuza. Alikuwa akipita hapa kila siku ananisalimu. Pole sana. Mama yako amekula?"

Kijana akakaa chini pale pale kwenye matope, akalia kilio ambacho tangu mazishi hakuwa amelia. Omong'ina akafunga fungu la chinsaga, akaliweka mapajani mwa kijana. Kijana alipoinuka alijifuta uso, akawageukia wenzake akawaambia walipita tu kusalimu. Wakaondoka mmoja mmoja, na aliyekuwa na dumu alilificha ndani ya koti kama chupa ya pombe. Ndipo nikagundua bado nimeshika ule mpini.

Siku iliyofuata Mwalimu alikuja kunawa wino uliokataa kutoka. Nilikuwa na swali tangu Ijumaa, nikamuuliza. "Mwalimu, wewe huchori usichokiona. Lile paa umeliona wapi?"

Akanawa muda mrefu. Akachukua nakala moja mezani, nikadhani ataniwekea kidole juu ya mvulana wa maji. Alikipitisha kidole pale, akakileta kwenye kundi, nyuma ya mama wa maziwa, kwa mtoto mdogo ambaye sikuwa nimemwona, amebeba fungu la nyasi kubwa kuliko yeye, na anacheka.

"Waliniambia nilete nyasi," akasema. "Nilidhani ni sherehe. Tulirudi nyumbani gizani, na harufu ile ilitufuata njia nzima."

Nilimpa taulo.

Kanisa lilimwondoa uzee kwa kufanya kazi siku ya Sabato. Hakujitetea. Alikaa benchi la nyuma kabisa, na aliimba kwa sauti ile ile. Nilipowatukana wazee wenzake mbele yake, alinikataza, akasema wana haki, sheria ni sheria, na yeye angeivunja tena. Masizi hakutoka tena. Watu walilalamika, mzee wa Kisii alituma salamu mara nyingi, watoto wakarudi kufanya mtihani polepole. Kila nikimgusia, Mwalimu alisema ameshamaliza.

Mimi niliolewa, nikahamia Marani na mashine yangu. Miaka ilipita, muongo ule ulikuwa unaelekea kwisha, ndipo binti wa omong'ina akaja mlangoni kwangu kunipa habari kwamba mama yake hayuko. Nilifunga kibanda, nikaenda Keumbu.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, kando ya mumewe, na kijana wa kinu, sasa baba wa watoto, ndiye aliyeongoza wachimbaji. Mwalimu alikuwa amestaafu. Aliegemea fimbo, nywele nyeupe, na aliponiona alinishika mikono yote miwili hakuiachia. Hotuba zilikuwa nyingi kama kawaida yetu, kila mtu akaeleza alivyomjua marehemu kuliko mwenzake. Jua lilikuwa linazama binti yake aliposema sasa tumsikie Mwalimu.

Alisogea mbele polepole. Alitazama sanduku, akatutazama sisi, wote tuliokuwa kwenye kichochoro siku ile, na wote tulikuwepo. Tulidhani atazungumza sana. Alivua kofia.

"Mama huyu aliugua," akasema. "Binti yake akamuuguza. Akalala kitandani kwake, ndani ya nyumba yake, akafa kwa uzee."

Akavaa kofia.

"Asanteni," akasema, akarudi kukaa.